Kumtunza Mwimbaji Aliye Mbali

Wekeni daftari na kalamu karibu, kwa maana leo tutasoma na kuhesabu pia.

Neno letu la leo ni kutunza. Ninyi mliopata kuhudhuria taarabu, ikiwa Unguja, Tanga au Mombasa, mwalijua vizuri. Mwimbaji akiimba maneno yakakuingia moyoni, wainuka, wacheza taratibu mpaka mbele, ukampa noti. Hakuna aliyekulazimisha. Hata jirani yako asiyetoa kitu ausikia wimbo ule ule. Basi hayo ni malipo ya hiari: mtu hutoa kwa kuwa amependa.

Siku hizi waimbaji wengi, wachekeshaji, na watu wafundishao kupika au kushona, twawaona katika simu kwa njia ya intaneti. Twawatazama bure. Lakini yule fundi wa kushona amenunua kitambaa, amelipa umeme, na siku nzima imekwisha kazini. Je, tutamtunzaje naye yuko mbali?

Njia zipo. Wengine huandika namba ya simu chini ya video ili wapelekewe fedha. Wengine hutumia kampuni kama Patreon, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2013, ambako mpenzi wa kazi hutoa kiasi fulani kila mwezi. Tena kuna zawadi za TikTok. Mtazamaji hununua sarafu za kampuni, na kwa sarafu hizo humpelekea mwimbaji picha ya ua au kitu kingine. Baadaye mwimbaji hubadili zawadi hizo ziwe fedha.

Sasa tuhesabu. Watu 200 wakimpelekea fundi wetu shilingi 20 kila mmoja, jumla ni ngapi? Andikeni: 200 mara 20 ni shilingi 4,000. Mmeona? Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kinachovuja hakijai, na hapa ndipo penye shida.

Sikilizeni habari hii. Mwezi wa Oktoba 2022, BBC, shirika la utangazaji la Uingereza, lilieleza habari za familia za Kisyria zilizokuwa kambini kwa sababu ya vita. Wazazi na watoto walikaa saa nyingi mbele ya simu wakiomba zawadi za TikTok. Waandishi wakafanya jaribio: walipeleka zawadi za dola 106 kwa akaunti waliyoifungua huko kambini. Zilizoonekana upande wa pili zilikuwa dola 33 tu. Tena duka la kutolea fedha lingekata asilimia 10, yaani 10 katika kila 100, na dalali angechukua asilimia 35 ya zile zilizobaki. Mwisho wa yote familia ingepata dola 19. Kampuni ilijibu kwamba sehemu inayochukua ni ndogo sana kuliko asilimia 70, na kwamba kuomba kwa namna ile hakuruhusiwi.

Fikirini jambo hilo. Mtu ametoa dola 106 kwa huruma, naye alala akidhani mtoto amepata 106.

Pengine fedha hupotea bila ya dalali yeyote. Huko Marekani kampuni nyingi za kupitisha malipo ya kadi hukata senti 30 kwa kila malipo, na juu yake karibu asilimia 3. Ukitoa dola 1, zakatwa senti 33, zabaki 67. Ukitoa dola 10 kwa mara moja, zakatwa senti 60 tu. Lakini ukitoa dola 1 mara kumi, zakatwa dola 3 na senti 30. Kwa hiyo malipo madogo madogo ndiyo yanayoliwa zaidi. Ndiyo sababu mara nyingi yafaa kukusanya na kutoa mara moja.

Lakini si kila mahali hesabu huwa hivyo. Nchini Kenya, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2007, kampuni ya Safaricom iliondoa, tangu Januari 2021, ada ya kumpelekea mtu shilingi 100 au chini yake. Hapo hata shilingi 20 humfika mwenyewe zikiwa 20, ingawa akitaka kutoa fedha taslimu kwa wakala atalipa ada.

Basi, kabla ya kumtunza mtu aliye mbali, jiulize maswali matatu. Kwanza: namba hii ni ya nani? Wako watu waovu wanaochukua video ya mwingine, wakaandika namba yao. Pili: nikitoa hizi, zitamfika ngapi? Ikiwa ziko njia mbili, chagua ile inayokata kidogo. Tatu: nyumbani kumebaki nini? Tuzo hutoka katika ziada, haitoki katika ada ya shule wala bei ya unga. Asiye na kitu asione haya. Mwimbaji hufurahi pia akipata wasikilizaji wapya, nawe waweza kumweleza jirani habari za kazi yake.

Mazoezi ya kufanya nyumbani:

1. Malipo ya hiari ni nini? Jibu kwa maneno yako mwenyewe.
2. Watu 50 wametoa shilingi 30 kila mmoja. Kampuni imekata nusu. Mwimbaji amepata ngapi?
3. Katika dola 106 za lile jaribio, zimepotea ngapi kabla ya kufika dola 19?
4. Andika sentensi tatu juu ya mtu ambaye kazi yake ungependa kuitunza, na sababu yake.

Someni majibu yenu mbele ya wenzenu darasani. Kwaherini, mpaka somo lijalo.