Kuigiza Yaliyopita: Kisa cha Kua na Sarufi ya Masimulizi

Kiegeani iko kusini mwa kisiwa cha Mafia, upande ambao wageni huelekea wanapotaka kuvuka kwenda Chole na Juani. Huko Juani yamesalia magofu ya Kua, mji wa mawe ulioangamizwa na Wasakalava wa Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Mgeni afikapo magofuni husimuliwa, haonyeshwi. Anayemwongoza husimama kando ya ukuta uliobomoka, hunyoosha mkono, husema. Swali la mhadhara huu ni iwapo ingefaa habari za mji huo ziigizwe mbele ya watazamaji, kama yafanyiwavyo mambo ya kale katika nchi nyingine, na iwapo Kiswahili, kwa namna kinavyosimulia, kina lolote la kusema juu ya jambo hilo.

Uigizaji wa historia kama burudani umeota mizizi hasa Ulaya na Marekani. Mwaka 1961, miaka mia moja baada ya mapigano ya kwanza ya Manassas katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mapigano hayo yaliigizwa palepale mbele ya maelfu ya watu. Nchini Uingereza chama kiitwacho Sealed Knot, kilichoanzishwa mwaka 1968, huigiza vita vya karne ya 17 baina ya Mfalme na Bunge. Washiriki si wasanii wa kulipwa. Ni watu wenye kazi zao nyingine, ambao siku za mapumziko huvaa sare za kale na huweza kubishana kwa muda mrefu juu ya kifungo kimoja cha koti. Ubishi huo usichekwe, kwani ndiyo elimu yao. Hata hivyo, usahihi wa vifungo ni usahihi wa vitu, nao si sawa na usahihi wa habari. R. G. Collingwood, ambaye kitabu chake juu ya dhana ya historia kilitoka mwaka 1946 baada ya kifo chake, alidai kwamba mwanahistoria hurudia akilini mwake fikra za watu wa kale. Alikusudia fikra, makoti hakuyataja.

Kiswahili kina kitenzi kuiga na mnyambuliko wake kuigiza. Aigaye hufuata mfano. Aigizaye huufanya mwigo huo ili mwingine autazame. Kina pia kucheza, kitenzi kibebacho ngoma, mpira na tamthilia kwa pamoja. Katika yote hayo mtazamaji anajua kwamba akionacho sicho chenyewe. Ebrahim Hussein alilizingatia hilo alipotoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Mganga wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905 huko Mohoro, Rufiji, ng'ambo ya Mafia, aliitwa Kinjikitile. Mhusika wa jukwaani ni Kinjeketile, na mwandishi alieleza wazi kwamba huyo ni kiumbe cha ubunifu. Irabu mbili zimetosha kuwatenganisha.

Mfano wa pwani ulio karibu zaidi na wapenzi wa sare wa Ulaya ni beni. Ngoma hii, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga muziki, ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika kwa vyama vya Marini na Arinoti, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikafika mbali bara. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameionyesha vizuri: gwaride, vyeo vya kijeshi, mavazi ya maofisa, mashindano makali, na pia kuzikana na kusaidiana. Baadhi ya watawala wa kikoloni waliitilia shaka, wakidhani kwamba watu wenye majenerali wao wenyewe hawakosi kuwa na njama. Walishindwa kuelewa kuwa mcheza beni hakudai kuwa jenerali. Aidha, beni haikuigiza vita vya mababu. Iliigiza nguvu iliyokuwapo machoni mwa watu siku zile, na ilipendeza kwa sababu kila mtu aliujua mwigo na aliyeigwa.

Kinyume chake ni kibuki cha Unguja. Masheitani wa kibuki hutoka Bukini, nchi ileile walikotoka washambuliaji wa Kua, na miongoni mwao wamo wenye hadhi ya kifalme. Hapa ya kale hurudi katika mwili wa aliye hai, lakini hakuna asemaye kuwa mtu huyo anaigiza. Pepo amempanda. Kumwambia mwele wa kibuki kuwa ameigiza vizuri ni kumtukana.

Kisa cha Kua kinasimama wapi baina ya hayo mawili? Kinasimuliwa hivi. Inasemekana Kua na Kisimani ilikuwa miji yenye uhasama. Mmoja ukaunda chombo, na siku ya kukishusha majini watoto wa mji wa pili wakakamatwa, wakalazwa ufukweni, chombo kikapitishwa juu yao. Waliofiwa wakanyamaza kwa miaka. Kisha wakawaalika wenzao harusini, wakawakaribisha katika chumba cha chini, mlango ukazibwa.

Itazamwe sarufi ya habari hiyo. Kiambishi -ka- cha masimulizi hakijitegemei. Hupokea wakati wake kutoka kwa kauli iliyotangulia. Msimulizi akianza kwa inasemekana, basi wakakamatwa, wakawaalika, ukazibwa, zote hukaa chini ya neno hilo moja. Akiona ametaja jambo zito mno, huongeza eti, au hufunga kwa Wallahu aalam. Kwa njia hiyo habari ya mauaji ya watoto imeweza kusemwa katika kisiwa ambacho watu wake wanajuana, bila ya mtu kusimama na kumshtaki jirani yake.

Mwili wa mwigizaji hauna inasemekana. Hauna eti. Kijana atakayemlaza mtoto mchangani atakuwa amechagua mji wa kulaumiwa, na atakuwa amemwonyesha mtazamaji tendo ambalo msimulizi alilitaja tu. Tena, maonyesho yakiwa ya watalii, cha kwanza kukatwa kitakuwa maneno, kwa kuwa mgeni hayaelewi. Kitakachobaki ni chombo, watoto na mlango.

Upo uwezekano mwingine, ambao mpenzi wa vifungo angeuchagua mara moja. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaifanya kituo cha kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Manowari hiyo iliangamia tarehe 11 Julai 1915, baada ya meli Severn na Mersey kuipiga kwa mizinga zikiongozwa na ndege. Tarehe, sare na mizinga vyote vimeandikwa. Lakini katika igizo hilo Wamafia wangepewa nafasi gani, zaidi ya kubeba mizigo na kutazama? Kilichohifadhiwa vizuri ni vita vya wengine.

Kwa hiyo vijana wa Kiegeani wakitaka siku moja kuonyesha Kua, msimulizi asiondolewe jukwaani. Waigizaji wanaweza kunyamaza naye akasema. Au wakawapo wasimulizi wawili, mmoja wa kila mji, wenye ruhusa ya kukatizana. Bukini nayo iwe na msemaji wake. Kabla ya hapo matoleo ya kisa yarekodiwe Juani, Chole, Jibondo na Kiegeani kwenyewe, kwa maneno ya wasemaji, na kila inasemekana iandikwe mahali ilipotamkwa.