Moto Wakati wa Ukame: Amana Mikononi Mwetu

(Mawaidha kwa vijana na wazazi, baada ya Swala ya Alasiri)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, mada ya leo huenda ikawashangaza wengine. Mwezi wa Ramadhani tumezoea kukumbushwa moto wa Akhera, na ni haki tukumbushwe. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya moto wa hapa hapa duniani, huu unaoanza na kijiti kimoja cha kibiriti na kumaliza kijiji kizima wakati nchi imekauka.

Sote tunakumbuka ukame ulioanza mwaka 2020 na kuendelea hadi mapema 2023. Misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Hapa Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, na ndugu zetu wa Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit, Isiolo na Tana River ndio walioumia zaidi. Katika hali kama ile Waislamu hutoka kuswali swala ya kuomba mvua, wazee kwa watoto, mikono juu. Hii ni Sunna, na tuishike. Swali langu ni hili: mikono ile ile tuliyoinua kuomba mvua, tukirudi nyumbani tunaifanyia nini?

Moto unatoka wapi?

Tukiona msitu unawaka, wengi wetu tunasema, "Ni kudra ya Mungu." Ni kweli, hakuna linalotokea ila kwa idhini yake. Lakini hebu tutumie akili aliyotupa. Moto wa porini unaowaka bila mkono wa mtu, mara nyingi huwa ni wa radi. Na radi huja na mawingu. Sasa mwezi wa Januari au Februari, kaskazi inavuma, mbinguni hakuna hata wingu, hiyo radi imetoka wapi?

Tuseme ukweli. Mkulima amechoma biwi shambani saa sita mchana, akaenda zake kupumzika. Mrina asali amepanda na mwenge, cheche zikaanguka, akashuka na asali yake akauacha moto nyuma. Mchoma makaa amefukia tanuri vibaya. Mchungaji amechoma nyasi kuukuu ili zichipuke mpya na kupe wafe. Na wewe kijana umerusha kipande cha sigara dirishani mwa matatu, hata hukugeuka kutazama. Hakuna kati ya hawa aliyekusudia kuchoma nchi, lakini nchi imeungua.

Liko jambo jingine ambalo watu hulisahau. Ukame ukiwa mkali sana huku mbugani, nyasi huliwa zikaisha, na moto hukosa cha kula. Hatari kubwa huja baada ya mvua nzuri. Nyasi hurefuka mpaka kifuani, kisha jua linarudi, na kila kilichoota kinageuka kuni. Kwa hivyo tunapofurahia mvua, kama zile za El Nino za mwisho wa 2023, tukumbuke kwamba majani yale ni malisho ya akiba kwa kiangazi kijacho. Mwenye kuyachoma amemnyang'anya mwenzake ng'ombe kabla ng'ombe hajafa.

Misitu ya milimani nayo ina hali yake. Yenyewe huwa na unyevu mwaka mzima, basi ukame mrefu ndio unaoifanya iwake. Mlima Kenya uliwaka Machi 2012 na tena Februari 2019, na Aberdare ikawaka Februari 2022.

Sisi wa Pwani na wa Tana yatuhusu nini?

Mtu atasema, "Ustadh, Mlima Kenya uko mbali na sisi." Mbali? Mto Tana chanzo chake ni Mlima Kenya na Aberdare. Maji yanayopita Garissa, Hola na Garsen, wanayonywa watu na ngamia, yametoka huko.

Na wewe wa Mombasa, sehemu ya maji yako yanatoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950. Mzima nayo inapata maji yake kutoka vilima vya Chyulu. Huko juu mna msitu unaonasa ukungu na mvua. Maji yanazama ndani ya mawe ya volkano, yanasafiri chini ya ardhi, kisha yanatokeza Mzima yakiwa safi kabisa. Na vilima hivyo vya Chyulu huwaka moto mara kwa mara wakati wa kiangazi. Msitu ukipungua, ukungu utanaswa na nini? Tunamuomba Allah maji, na huku tunachoma chombo alichotuwekea cha kuyapokea.

Dini imesema nini?

Mtume (S.A.W.) hakuliacha jambo hili. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari, aliwaeleza masahaba kwamba moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime kabla ya kulala. Tazameni, jamani! Hakusema tu kwamba ni ajali. Alifundisha tahadhari.

Na wanavyuoni wetu wa fiqhi wamezungumza juu ya mtu anayewasha moto katika shamba lake mwenyewe siku ya upepo mkali, kisha moto ukavuka ukaunguza mali ya jirani. Huyo ana dhamana, atalipa. Hawezi kujitetea kwamba shamba ni lake. Na tunajua kwamba haki ya mja haifutiki kwa funga wala kwa tarawehe mpaka mwenyewe alipwe au asamehe. Serikali nayo, kwa Sheria ya Misitu ya 2016, inakataza kuwasha moto msituni bila ruhusa. Basi mwenye kufanya hivyo ana kesi mbili, ya hapa na ya huko mbele.

Tufanye nini?

Kwanza, jikoni. Ramadhani tunapika usiku wa manane. Mama amechoka, daku imeliwa, jiko la makaa limeachwa karibu na ukuta, majivu yamemwagwa nje na bado mna makaa hai. Upepo ukiinuka alfajiri, kazi imekwisha. Mwaka 2009 mji wa Faza, kisiwani Pate, uliungua. Mamia ya nyumba yaliteketea, kwa sababu paa za makuti zilizobanana hupokezana moto. Mwaga maji juu ya majivu, yakoroge, kisha uyaguse kwa mgongo wa mkono. Yakiwa na joto, bado hayajazima. Na kazi hii tusiwaachie akina mama peke yao. Vijana, amkeni!

Pili, kuzunguka nyumba. Fyeka majani makavu hatua kumi kila upande, na kuni usizirundike chini ya makuti.

Tatu, shambani. Ukiweza, usichome kabisa. Takataka za shamba zikiachwa zioze zitakuwa mbolea. Ikibidi kuchoma, pata ruhusa, mjulishe jirani, safisha ukanda wa udongo mtupu kuzunguka biwi, chagua asubuhi isiyo na upepo, uwe na watu na maji, na usiondoke mpaka limepoa.

Nne, moto ukizuka. Piga simu 999 au 112, waite watu, watoe kwanza wazee na watoto. Moto mdogo wa nyasi hupigwa kwa matawi mabichi. Ukipita kimo cha mtu, usishindane nao. Usikimbilie juu ya kilima, maana moto hupanda mlima kwa kasi kuliko miguu yako. Nenda penye udongo mtupu au pale palipokwisha ungua na kupoa.

Vijana wengine wameniuliza: je, nikiwa nimefunga? Wanavyuoni wameruhusu aliyefunga kufungua ikiwa kuokoa mtu asiungue au asizame hakuwezekani bila ya hivyo, kisha atalipa siku nyingine. Namna ya kulipa muulize sheikh wako. Lakini usisimame ukitazama nyumba ya jirani inaungua kwa kuogopa kiu. Na jirani ni jirani, awe Muislamu au asiwe.

Ndugu zangu, tawakkul haikatai ndoo ya maji karibu na jiko. Kila mmoja wetu leo akirudi nyumbani kufuturu, atazame mahali moto wake unapolala, na awafundishe watoto wake.

Ewe Mola wetu, tunyeshee mvua yenye manufaa, utuhifadhie misitu yetu, mifugo yetu na majirani zetu, na utukinge na moto wa dunia na wa Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.