Ua Halina Mzani

Ninyi vijana mliorudi nyumbani na vyeti mwaka huu, mhadhara huu unasomwa hapa Buganguzi, katikati ya migomba na mibuni, kwa sababu jambo nitakalolizungumza lilizaliwa humu humu vibanjani, mashambani mwetu.

Jambo lenyewe ni butura. Kwa ajili ya wageni waliotoka nje ya Kagera niseme: butura ni kuuza kahawa ingali ua au tunda bichi mtini. Mwenye fedha anapita kibanjani, anayatazama matawi yalivyofunikwa na weupe, anatoa daftari, anaandika jina lako na idadi ya magunia. Fedha unapewa leo. Kahawa ikikauka, ni yake. Serikali imekataza na kukataza tena, na butura bado ipo, kwa sababu shule hufunguliwa Januari na robusta yetu huchumwa kuanzia katikati ya mwaka. Toka ua hadi tunda kuiva ni miezi 9 hadi 11. Mgonjwa wa homa hawezi kuambiwa angoje kiasi hicho.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu anachukua shilingi 150,000 mwezi Februari, matunda yakiwa bado mabichi, anaandikiwa kilo 150 za kahawa ya maganda. Julai bei ikiwa 2,000 kwa kilo, amelipa 300,000. Deni limezaa mara mbili kwa miezi 5, na yeye ndiye aliyepalilia.

Tata, baba yangu, aliingia kwenye daftari hilo mara 3 ili mimi nisome. Nilipomaliza chuo nikarudi nikiwa na hamu ya kuonyesha kwamba ada yake haikupotea. Nikakopa shilingi milioni 1 kwa mkopeshaji mmoja, nikafungua kibanda cha fotokopi karibu na shule. Marejesho yalikuwa 50,000 kila Jumatatu kwa wiki 24, yaani 1,200,000. Niliambiwa riba ni asilimia 20 na nikaona ni nafuu. Sikuona kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza fedha zilianza kutoka mikononi mwangu, hivyo kwa wastani nilikuwa nazo nusu tu, huku nikilipa riba ya zote. Shule zilipofunguliwa watu walipanga foleni. Zilipofungwa, mashine ilikaa kimya wiki baada ya wiki, lakini Jumatatu haikuwa na likizo. Wiki ya 15 walikuja na pikipiki ya matairi matatu, wakaibeba mashine na karatasi zilizobaki.

Usiku ule ndipo nilipoelewa kuwa nami nimeuza ua. Mjini mikopo ya namna hii huitwa kausha damu, na jina hilo ni sahihi, ila linatufanya tuutazame ukali wa mkopeshaji na kusahau kalenda. Biashara yangu iliingiza fedha kwa misimu. Deni lilidai kila wiki. Hata kwa riba ya nusu yake ningeanguka, ingawa pengine ningechelewa kidogo.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza waanzishe biashara gani, mimi huwauliza kwanza: fedha yake inaingia siku gani? Maandazi, uwakala wa pesa, mayai, hivi huleta chochote kila siku. Kahawa huleta kwa msimu. Vanila huchavushwa kwa mkono, ua moja moja, asubuhi linapofunguka, na ukilikosa siku hiyo limekwenda. Kisha unasubiri miezi karibu 9, bado kuivisha na kukausha. Senene huja kwa wingi Novemba na Desemba, halafu taa za kuwanasa zinazimwa na mabati yanashushwa. Hakuna iliyo mbaya katika hizi. Ubaya ni kuilisha ya msimu kwa deni la wiki.

Usajili wa biashara BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya halmashauri: hayo fuateni ofisini, yana utaratibu wake. Mkopo wa halmashauri unahitaji maneno zaidi. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ulisimamishwa 2023, ukarejeshwa 2024. Mkienda halmashauri yetu ya Muleba kuomba na kikundi chenu, msiulize kiasi peke yake. Ulizeni rejesho la kwanza ni lini, na mseme wazi msimu wenu ni upi.

Na msidhani kwamba kumnyima mchuuzi ua ni wazo la wasomi wa leo. Klemens Kiiza, mmoja wa waasisi wa chama cha Bukoba Bahaya Union cha 1924, aliingia katika ukoboaji wa kahawa wakati wa mkoloni. Mwaka 1950 likaja Bukoba Native Co-operative Union, chimbuko la chama cha ushirika cha KCU tunachokijua. Wazee wale walitaka kuishika kahawa baada ya kuchumwa: kuikausha, kuikoboa, kuipima, kuiuza. Thamani yake iko huko, na huko ndiko kwenye kazi za vijana.

Mimi nilianza upya na kuku 60 wa mayai, kwa akiba niliyoipata nikibeba ndizi za watu kwenda Nshamba. Mayai yalilipa pumba, yakalipa sabuni, na Februari iliyofuata yakatosha kumpa Tata ada ya mdogo wangu. Mwenye daftari alipita kama kawaida. Tata alimkaribisha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, wakatafuna, wakazungumzia mvua, akaondoka bila kuandika.

Julai magunia 3 ya maganda yalisimama sebuleni. Niliazima mzani wa kuning'iniza, nikaufunga kwenye boriti. Kilo 52. Kilo 49. Kilo 54. Tata alisimama karibu, macho kwenye mshale, kisha akaniomba nilipandishe tena lile la kwanza.