Kwa Nini Mawe Hayang'ai: Unga wa Kusugulia na wa Kung'arishia Katika Mashine za Mtikisiko

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya wakataji na wang'arishaji wa vito, Arusha



Nimeombwa nizungumzie ung'arishaji wa vito kwa ujumla wake. Kwa ridhaa ya Mwenyekiti, ujumla huo nitaupita haraka, maana wengi humu ndani wanaufahamu, ili tupate muda wa kutosha kwa jambo moja linaloharibu mawe yetu mwaka nenda mwaka rudi. Maoni yaliyomo ni ya mwandishi, wala si msimamo wa taasisi inayomwajiri.

1. Ufafanuzi

Mashine ya mtikisiko ni bakuli lililokaa juu ya springi, na chini yake mota yenye uzito uliopachikwa upande mmoja. Mota ikizunguka, bakuli hutetemeka na mawe hujiviringa yakisuguana. Pipa la kuzungusha hutoa kona za jiwe kwa wiki kadhaa. Bakuli hulainisha uso kwa siku chache bila kubadili umbo sana. Unga wa kusugulia ni kabaidi ya silikoni, ambayo ugumu wake unapita 9 kwenye kipimo cha Mohs. Huuzwa kwa namba, kama 60, 220, 500 na 1000, na namba ikipanda chenga hupungua ukubwa. Unga wa kung'arishia ni oksidi ya alumini, ya seriamu au ya bati. Uji ni maji, unga na vumbi la mawe vikichanganyika. Haya mnayajua.

2. Umuhimu

Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, tumekuwa tukihimizwa kuongeza thamani hapa nchini. Jiwe lisilofaa kukatwa kwa pembe bado linaweza kuwa ushanga au kidani. Rubi iliyomo ndani ya zoisite kutoka Longido, krisopresi ya Haneti na amethisti hafifu hufaa kwa kazi hii. Sina la kuongeza hapo.

3. Tatizo lenyewe

Fundi hufungua bakuli hatua ya mwisho, akakausha jiwe, akakuta michirizi. Lawama ya kwanza huangukia unga wa kung'arishia. Barua ya maombi huandikwa, unga wa bei kubwa zaidi huagizwa, na baada ya miezi michirizi ni ile ile. Ni sawa na mtu kubadilisha sabuni kila wiki huku maji ya kusuuzia hayabadilishi.

Tuangalie vipimo. Unga mzuri wa kung'arishia una chenga za mikroni 1 hivi au chini ya hapo. Chenga ya namba 220 ina mikroni kama 60. Chenga chache za namba hiyo zikisalia ndani ya bakuli, zitapita juu ya kila jiwe usiku kucha, na hakuna unga wa dunia hii utakaofuta michirizi huku chenga zenyewe zikiendelea kuichora. Kwa uzoefu wangu, mawe mengi yanayorudishwa kwa kukosa mng'aro yaliharibikia kwenye ndoo ya kuoshea na meza ya kuchambulia, kabla hata unga wa mwisho haujafunguliwa.

Chenga hujificha wapi? Kwanza ndani ya nyufa na vishimo vya mawe. Jiwe lenye ufa hubeba unga wa 220 hadi hatua ya mwisho, kisha mtikisiko huutoa kidogo kidogo. Brashi haifiki huko. Jiwe la namna hiyo halifai kuendelea. Lirudishwe mwanzo au litolewe kabisa, hata kama mwenye mali amesimama hapo anahesabu vipande vyake. Pili, ndani ya bakuli lenyewe: bitana yake ikishachubuka, chenga huzama humo, na kusuuza peke yake hakuzing'oi. Tatu, ukingo wa mfuniko, ambao hauoshwi kwa sababu haugusi mawe. Nne, vigololi vya kauri tunavyojazia bakuli. Vyenye vitundu hubeba unga kama mawe yenye nyufa. Na tano chujio, pamoja na aproni ya fundi mwenyewe.

Kuna chenga nyingine ambayo hatukuinunua. Mawe ya jamii ya feldspa, kama amazonaiti na jiwe la mwezi, yana mapasuko ya asili katika pande mbili, nayo hubanduka vipande yakigongana. Kwatzi yenye nyufa humeguka pia, na kipande cha kwatzi chenye ugumu wa 7 hakina huruma kwa feldspa yenye ugumu wa 6. Kuchanganya mawe ili bakuli lijae ni kujitafutia michirizi hata kama usafi ulizingatiwa. Rubi ya Longido ni kesi ya peke yake: rubi ina 9, na zoisite inayoizunguka ina kati ya 6 na 7. Sehemu laini huliwa zaidi, uso ukawa na mabonde. Mabonde hayo si michirizi ya chenga, na kuosha hakuyaondoi. Yanapunguzwa kwa kufupisha hatua za unga mkali, na bado mtu asiahidi uso kama wa kioo.

Hapa ndipo uchunguzi unapokosekana. Jiwe likaguliwe likiwa kavu, maana maji hufunika kila dosari, kisha liwekwe chini ya lupa ya mara 10. Michirizi michache mirefu juu ya uso unaong'aa ni chenga ngeni. Ukungu uliosambaa sawasawa maana yake hatua ya nyuma haikukamilika, au jiwe lina utando wa unga ambao maji ya sabuni yatautoa. Alama nyeupe kwenye kingo, mfano wa mwezi mwandamo, ni michubuko ya kugongana: bakuli halikujaa, au vigololi vidogo ni vichache. Dalili tatu, tiba tatu. Sisi huandika neno moja kwenye daftari, "haling'ai", kisha tunaagiza unga.

Uji nao uangaliwe. Mashine hii hutaka maji kidogo tu, mawe yametamete bila kuogelea. Maji yakizidi, unga huoshwa ukatua chini na mawe yakabaki kugongana. Yakipungua, uji hunata na mawe huacha kujiviringa. Kiangazi uji hukauka upesi, kwa hiyo maji yaongezwe kwa chupa ya kupulizia badala ya kikombe. Umeme ukikatika usiku, uji hutulia na kuyashika mawe. Asubuhi yalegezwe kwanza kwa kijiti na maji, ndipo swichi iwashwe.

Nigusie na mashine zenyewe, bila nia ya kumlaumu mtu. Baadhi tulizopokea kwenye karakana zilitengenezwa kwa umeme wa volti 120 na hezi 60. Hapa tunatumia volti 230 na hezi 50. Tulipewa transfoma, tukaambiwa tatizo limekwisha. Transfoma hushusha volti, haigusi hezi. Mota hiyo huku kwetu huzunguka kwa asilimia kama 83 ya kasi yake, na kwa kuwa nguvu ya mtikisiko hufuata kasi kuzidishwa kwa yenyewe, asilimia kama 30 ya nguvu hupotea. Mota nayo hupata joto zaidi. Mawe ya chini hayapandi juu, halafu anaulizwa fundi.

4. Mapendekezo

Napendekeza kila karakana iwe na bakuli la pili, la kung'arishia tu, lipakwe rangi tofauti na lisiingizwe kabaidi hata siku moja. Ombi hili nimeliandika katika taarifa zilizopita pia, na ninaelewa bajeti ina taratibu zake. Bakuli bado halijaja.

Vigololi, ndoo, brashi na chujio vya hatua ya mwisho vitengwe vivyo hivyo. Mfuniko uoshwe.

Kila baada ya hatua, mawe yaoshwe, yarudishwe bakulini na maji na sabuni kwa muda, yaoshwe tena, kisha yachambuliwe moja moja chini ya mwanga. Yenye nyufa yatolewe. Narudia: yenye nyufa yatolewe.

Mawe yapangwe kwa ugumu. Feldspa isikae na kwatzi.

Unga mpya ujaribiwe kabla ya kulaumiwa na kabla ya kusifiwa. Koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji safi yenye tone la sabuni, uache itulie. Chenga za mikroni 60 hushuka sentimita 10 kwa chini ya nusu dakika, ilhali za mikroni 1 hukaa saa nyingi zikielea. Ukiona mchanga chini kabla hujamaliza sentensi, unga huo si wa kung'arishia, lebo iseme itakavyo. Jaribio hili halihitaji kibali cha mtu.

Daftari la mashine liwe na safu ya dalili: michirizi, ukungu, michubuko, mabonde. Neno "haling'ai" lisikubalike.

Ununuzi wa mashine uzingatie hezi 50, na fundi ashirikishwe kabla ya kusaini, si wakati wa kupokea. Zilizopo zitafutiwe mota inayofaa au kifaa cha kubadili hezi.

Bakuli la pili, kama nilivyokwisha kusema.

Mwisho ni taka. Uji ukikauka hutoa vumbi la silika linaloharibu mapafu, kwa hiyo sakafu isifagiliwe kavu, ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Uji uliotumika umwagwe kwenye shimo lililoandaliwa, kamwe usipitishwe kwenye sinki, maana hutuama ndani ya bomba na kuwa mgumu. Bomba la karakana yetu limeshafumuliwa kwa sababu hiyo, na fedha zilizolipwa kwa fundi bomba zingetosha kununua bakuli.