Viazi, Mahindi na Maswali ya Mtoto

Leo nakuomba ufungue daftari la sayansi la mwanao. Huenda ukakuta michoro ya uzazi: kitunguu kinachochipua, ua lililopasuliwa katikati. Mwalimu amefanya kazi yake. Sisi nyumbani tunalifunga daftari na kunyamaza.

Wakati mmoja aliletwa kliniki msichana wa miaka 14 akitapika kila asubuhi. Mama alidhani ni malaria. Kipimo kilionyesha mimba. Aliyehusika alikuwa mtu mzima, na hiyo ni kesi ya polisi. Lakini nilipoongea na mtoto peke yake, aliniambia eti mara ya kwanza mtu hawezi kushika mimba. Mchoro wa ua aliujua wote! Mama yake alikuwa amemwambia neno moja tu: "Usicheze na wavulana." Naye mtoto aliacha kucheza kandanda.

Mama akaniuliza, "Sista, mdogo wake ana miaka 9. Nianzie wapi?" Nilimwambia aanze shambani.

Mwonyeshe mtoto marando ya viazi vitamu. Unakata rando, unapanda, linaota. Hapo hakuna baba na mama. Mmea mmoja umejizalisha, na mtoto ni sawa na mzazi. Muhogo ni vivyo hivyo, ndiyo maana ugonjwa ulio katika kijiti ulichokata huenda nacho hadi shamba jipya.

Kisha nendeni kwenye mahindi. Juu kuna mbelewele, inayotoa unga unaopeperushwa na upepo. Chini kuna ndevu za hindi, na kila unywele umeungana na punje moja. Unywele usiopata ule unga, punje yake haikui. Ndiyo mapengo unayoyaona kwenye gunzi. Hapa wawili wamehitajiana. Binadamu tuko upande wa mahindi.

Mtoto anapokaribia kubalehe, sema wazi, bila mafumbo. Yai la mwanamke hutoka yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na huishi karibu siku moja. Mbegu za mwanamume zaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Vikikutana, mimba yaweza kuingia, iwe mara ya kwanza au ya kumi. Na kwa kuwa yai hutangulia damu, msichana anaweza kushika mimba hata kabla ya hedhi yake ya kwanza. Mvulana naye aambiwe hayo hayo. Mzigo huu si wa dada yake peke yake.

Usimwite kikao, ataogopa. Mimi naona maneno haya hutoka vizuri mkipukuchua mahindi, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye ungo.

Akikuambia kuna mtu amemlazimisha, usimpige, usimwogeshe, wala usifue nguo alizovaa. Mfikishe kituo cha afya mara moja, kabla saa 72 hazijaisha, kwa sababu zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI na za kuzuia mimba. Waweza pia kupiga 116, simu ya kusaidia watoto, bila malipo.

Ukikwama kwa swali lolote, njoo nalo kliniki. Kwaheri, mama.