Aliyebaki ni nani mbele ya jaji?



Juma lililopita nilisoma katika kipindi hiki habari fupi ya kesi kutoka Marekani, na hazikupita siku tatu nikawa na barua nne mezani. Tatu zilinilaumu kwa kuitaja tu habari yenyewe. Ya nne iliandikwa na msikilizaji wa Tanga, anayesema ni karani mstaafu wa mahakama, naye aliuliza swali la kikarani hasa: mtu akifa kwa uzembe wa mwingine, na mwenzi wake wa ndoa ni wa jinsia yake, je, huyo aliyebaki anaweza kumdai mzembe fidia?

Kwetu swali hilo halifiki hata dirishani kwa karani. Sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, na sheria ya jinai inaadhibu vitendo vya namna hiyo. Leo sikuja kubishana juu ya hilo. Nimekuja kuzungumzia uzembe, na nani anayeulipia.

Haki yenyewe ya kudai fidia ya kifo si ya siku nyingi. Mwaka 1808 huko Uingereza mtu mmoja alisafiri na mkewe juu ya gari la farasi. Gari likapinduka, mke akaumia, na baada ya kama mwezi mmoja akafa. Jaji, Lord Ellenborough, akaamua kwamba mume alipwe kwa hasara ya mwezi ule mmoja, basi. Kifo cha binadamu, alisema, si jambo la kudaiwa fidia katika kesi ya madai. Kwa maneno mengine, ilikuwa nafuu kwa mwenye gari kumwua abiria kuliko kumvunja mguu! Reli zilipoenea na ajali kuzidi, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mwaka 1846 iliyowapa jamaa wa marehemu haki ya kudai. Lakini iliwataja: mke, mume, mzazi, mtoto. Sheria hiyo ilisafiri pamoja na bendera, na hadi leo ukifungua Sheria ya Kenya ya Ajali za Vifo utawakuta wale wale wanne. Marekani nako kila jimbo lilitunga orodha yake. Asiyekuwamo hana mlango.

Basi twende San Francisco, Januari 26, 2001. Mwanamke wa miaka 33, mwalimu wa michezo katika chuo kimoja, alikuwa akirudi kwake na vitu alivyonunua dukani. Mbele ya mlango wake, kwenye ujia wa ghorofa, akavamiwa na mbwa wawili wakubwa wa majirani. Alikufa siku hiyo hiyo. Wenye mbwa walikuwa mume na mke, na wote wawili mawakili. Aliyebaki katika nyumba ya marehemu alikuwa mwanamke mwenzake, waliyeishi pamoja kama miaka saba. Alipofungua madai aliulizwa: wewe, kwa sheria ya California, ni nani? Na kweli, kwenye orodha hakuwamo.

Julai mwaka huo jaji aliamua kesi iendelee. Hoja yake naiona nzito. Sheria ndiyo iliyowakataza watu hawa kufunga ndoa. Si haki sheria hiyo hiyo igeuke na kumwambia aliyebaki kwamba hana haki kwa kuwa hakufunga ndoa. Oktoba, Gavana Gray Davis alitia sahihi sheria iliyowaingiza orodhani wenzi walioandikishwa. Mwaka uliofuata wenye mbwa walitiwa hatiani katika kesi ya jinai.

New York mambo yalikwenda kinyume. Mwanamume mmoja aligongwa na gari mwaka 2002, akavunjika mguu, akafia hospitalini baada ya kupasuliwa. Yeye na mwenziwe walikuwa wamekwenda Vermont mwaka 2000, jimbo hilo lilipoanza kuandikisha muungano wa kiraia. Mwenziwe akaishitaki hospitali. Mwaka 2003 jaji alimkubali kuwa mwenzi. Mwaka 2005 mahakama ya rufani, majaji watatu dhidi ya wawili, ikamkataa. Kifo hicho kingetokea ng'ambo ya mpaka, Vermont, angehesabiwa mwenzi kamili. Tena kilichobishaniwa katika rufani hakikuwa kazi ya madaktari, bali yeye.

Alabama, baada ya ajali ya barabarani ya mwaka 2011, mwanamume aliyefunga ndoa Massachusetts miezi michache kabla alipewa cheti cha kifo cha mumewe kikisema marehemu hakuwahi kuoa. Alikwenda mahakamani kudai atambuliwe kuwa mgane.

Ndugu yangu wa Tanga, jibu la swali lako lilitoka Juni 26, 2015. Mahakama Kuu ya Marekani, majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba ndoa hizo zitambuliwe katika majimbo yote. Mdai wa kwanza katika kesi hiyo, James Obergefell, hakuwa akidai senti. Alitaka jina lake liandikwe kwenye cheti cha kifo cha mumewe. Tangu hapo mwenye cheti cha ndoa anadai kama mume au mke mwingine yeyote. Asiye na cheti bado ana safari.

Mwishoni mwa barua yako uliniuliza kwa nini mtu wa Dar es Salaam ajishughulishe na kesi za watu hawa. Nitakueleza. Miaka mingi iliyopita binamu yangu aligongwa na basi, akafa. Mwanamke aliyeishi naye miaka sita, mama wa watoto wake wawili, nilimsindikiza kwenye ofisi ya wenye basi. Cheti cha ndoa hakuwa nacho. Kifungu cha 160 cha sheria yetu kinamdhania kuwa mke aliyeishi na mwanamume miaka miwili au zaidi na watu wakawajua hivyo, lakini dhana hiyo yaweza kupingwa, nao waliipinga kwa nguvu zote. Mahari ililipwa? Nani alishuhudia? Mbona kitambulisho chake kina jina la baba yake? Shemeji yangu alijibu mpaka sauti ikamkauka.

Tulikaa pale zaidi ya saa mbili, na dereva hakutajwa hata mara moja. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa amehamishiwa njia nyingine.