Mipira Miwili ya Maji

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika karakana ya shule)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wenye magari madogo ya Kijapani hulifanya nyumbani. Huchomoa mipira miwili myembamba inayopitisha maji ya moto ya injini kwenye throto, yaani mlango wa hewa, wakaiunganisha yenyewe kwa yenyewe. Husemwa kwamba hewa ikiingia baridi, gari hupata nguvu.

Maji yale hayakuwekwa bure. Hewa yenye unyevu hupoa ikipita penye upenyo mwembamba, na katika baridi kali unyevu huo huganda na kuunasa mlango. Dar es Salaam au Tanga hatari hiyo haipo. Makete, ambako jalidi huanguka mwezi wa Juni na Julai, sithubutu kusema hivyo.

Kweli, hewa baridi ni nzito na huleta nguvu. Lakini tupige hesabu. Injini ya lita 1.5 yenye mipigo minne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, huvuta karibu lita 37 za hewa kila sekunde. Ndani ya throto hewa hiyo haikai hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Itaota moto saa ngapi? Kama bomba lako la kuvutia hewa limepasuka, nalo linavuta joto la chini ya boneti, anza na hilo.

Tena injini nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina valvu ya nta hapo kwenye throto. Injini ikiwa baridi, valvu huwa wazi na sailensa hupanda. Maji yakipata moto, nta hutanuka na kuifunga. Ukiyakata maji, sailensa huchelewa kushuka, au haishuki kabisa, na petroli inaliwa gari limesimama.

Anayeshikilia kufanya, basi injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta hushikilia mgandamizo, hivyo maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua yakiwa moto, hukurukia usoni. Nimemwona kijana aliyeungua shingo na mkono kwa kutafuta nguvu ambayo asingeihisi hata mlimani. Unganisha kwa kipande cha bomba la shaba chenye kipenyo cha mipira ile, na klipu mbili madhubuti, siyo waya. Kisha jaza maji na uiache injini ingurume mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani, injini huchemsha, gasketi ya silinda hedi huungua, na gharama yake wenye magari mnaijua.

Gari lililoko hapo nyuma boneti yake i wazi, nalo halijawashwa tangu jana. Kidato cha Tatu waanze, wanne wanne.